Nje ni wapi?

Nyuma ya kibanda cha maji, upande ambao wateja hawafiki, bomba la robo tatu ya inchi limetokeza ukutani. Mbele kuna foleni ya ndoo na koki tatu zinazong'aa. Nyuma, lile bomba moja linamwaga kwenye mchanga mwekundu tangu asubuhi. Pale maji yanapokaukia pameota ukoko mweupe, mgumu kama chokaa iliyomwagika, na mbuzi wawili wameinamisha vichwa wanaulamba.

Andiko la biashara la kibanda cha namna hiyo huwa limetimia. Kisima kina mchanganuo wake, pampu na sola vina bei zake, mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba (membreni) ili chumvi ibaki nyuma, ina ukurasa mzima, na mishahara ya wauzaji wawili imepigiwa hesabu mwezi kwa mwezi. Mtaji unarudi mwaka wa tatu. Kuhusu bomba la nyuma kuna mstari mmoja: "Maji yasiyofaa yatatolewa nje."

Mstari huo umenisumbua wiki kadhaa sasa, kwa sababu si wa vibanda peke yake. Uko kwenye michoro ya nyumba za kulala wageni, kwenye hosteli za wanafunzi, kwenye maghorofa ya kupangisha yanayoota kila mwezi kuelekea Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma. Maji ya kuingia yana ukurasa. Ya kutoka yana mstari.

Nje ni wapi?

## Mji usio na mto wa kubeba

Kuna miji ambayo uchafu wake hubebwa na mto, ukawa shida ya watu wa chini. Dodoma haina hata hilo. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua la hapa lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya hizo. Korongo zetu ni mchanga mtupu zaidi ya nusu ya mwaka. Ulichomwaga Juni, Novemba bado kipo hapa hapa. Kimezama tu.

Na kinakozama ndiko tunakochota.

Visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, vina kumbukumbu za kina cha maji zilizoanza miaka ya 1950, miongoni mwa ndefu kuliko zote katika nchi za tropiki. Kumbukumbu hizo zinaonyesha jambo ambalo kila mwekezaji wa maji hapa angelibandika ukutani: akiba hiyo haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa na miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na kati ya miaka hiyo tunatumia tu. Anayechukua kipimo cha kisima mwaka mmoja baada ya mvua kubwa, akakifanya msingi wa biashara ya miaka 15, amepima mfuko wa mtu siku ya mshahara.

Mzakwe angalau imetengwa, haijengwi. Visima binafsi vya mjini viko katikati ya makaro ya vyoo. Tafiti za maji ya ardhini ya Dodoma za miaka ya 1990 zilikwisha kuonyesha nitrati nyingi, na majitaka ya watu yakatajwa kuwa chanzo kimojawapo. Wakati huo mji ulikuwa mdogo. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji. Ya 2022 ikatukuta 765,179.

Sasa rudi kwenye lile bomba la nyuma. Mashine ya RO huondoa sehemu kubwa ya nitrati kwenye maji ya mteja. Haiitoweshi. Inaisukuma kwenye maji ya mabaki, yanamwagwa mchangani, yanashuka, na kisima kiko mita thelathini kutoka hapo.

## Nusu ya pili ya mashine

Mashine ndogo ya RO kwa maji ya chumvi ya kanda hii hutoa maji mazuri asilimia 50 hadi 60 ya yale yaliyoingia. Ili upate lita 5,000 za kuuza kwa siku kwa asilimia 60, lazima uvute lita 8,300 hivi, na lita 3,300 zitoke nyuma. Chumvi yote iliyokuwa kwenye lita 8,300 sasa imejikusanya kwenye hizo 3,300. Kisima chenye TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) ya miligramu 1,600 kwa lita kinatoa mabaki ya karibu 4,000. Chenye floraidi miligramu 3 kwa lita, jambo la kawaida ukielekea Singida, kinatoa mabaki ya 7.5. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, Tanzania nayo iliishi miaka mingi na kikomo cha 4 kabla ya kushuka hapo. Mbuzi wale hawajui viwango hivi.

Dawa inayoandikwa kwenye vitabu ni bwawa la kukaushia. Basi tulipigie hesabu. Toa mvua kwenye uvukizi wa mwaka, punguza tena kwa sababu maji ya chumvi hukauka taratibu kuliko yasiyo na chumvi, unabaki na kama mita moja ya kina inayokauka kwa mwaka. Kibanda kikifanya kazi siku 330, mabaki ni mita za ujazo 1,100. Kwa hiyo unahitaji bwawa la mita za mraba 1,100, ambavyo ni viwanja viwili vya kawaida vya makazi, litandikwe turubai zito la plastiki lisilovuja na lizungushiwe uzio.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Wasifunge mapema. Bwawa hupungua ukiongeza kiasi cha maji mazuri unachopata. Ukifika asilimia 75, mabaki yanashuka hadi lita 1,670 kwa siku na bwawa linakuwa nusu. Lakini asilimia 75 ina masharti. Maji yetu ni magumu, yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu hiyo itaganda kwenye membreni kama inavyoganda kwenye birika la chai. Lazima pampu ndogo idondoshe dawa ya kuzuia ukoko kila dakika mashine inapofanya kazi, na dozi itokane na kipimo cha maabara cha maji ya kisima hicho. Vibanda vingi huanza na dawa, dumu la kwanza likiisha hakuna anayenunua la pili, kwa kuwa maji bado yanatoka. Miezi minne baadaye presha inapanda, maji yanapungua, na fundi anaambiwa abadilishe membreni.

Dalili huonekana mapema kwa anayeandika. Daftari la kibanda linahitaji namba nne kila asubuhi: presha kabla ya membreni, presha baada yake, lita kwa dakika za maji mazuri, na TDS ya maji mazuri. Maji yakipungua asilimia 10 kutoka siku ya kwanza, au tofauti ya presha ikipanda asilimia 15, ni wakati wa kuosha: asidi ya sitriki kwa ukoko wa madini, dawa ya alkali kwa utelezi wa viumbe. Ukisubiri lita zipungue nusu, kuosha hakusaidii tena. Na kama maji yanayoingia yana klorini, chujio la kabuni lisicheleweshwe hata wiki. Klorini huitoboa membreni polepole, na TDS ikishaanza kupanda kwa sababu hiyo hakuna kuosha kutakakoirudisha.

Lipo jambo lingine linalopunguza mabaki kuliko yote: kutosafisha yasiyohitaji kusafishwa. Maji ya kunywa na kupikia ni lita nne au tano kwa mtu kwa siku. Koki moja iwe ya RO, koki ya pili iwe ya maji ya kisima yaliyotiwa klorini kwa bei ya chini, kwa kufulia na kudekia. Mabaki yenyewe yasafishe choo cha kibanda. Sijaona sababu ya kusukuma kwenye membreni maji yatakayokwenda kuosha pikipiki.

## Kwa nini fedha hukimbilia mbele

Simlaumu mwekezaji anayependa upande wa mbele. Hesabu yake inaonekana.

Chukua kisima kinachotoa mita za ujazo 5 kwa saa, jumla ya kuinua ikiwa mita 100 kutoka usawa wa maji hadi kwenye tanki. Pampu na mota yake vikitumia vizuri nusu ya umeme unaoingia, inahitajika kilowati 2.7. Hiyo ni kama nusu uniti ya umeme kwa kila lita 1,000. Kwa umeme wa kawaida wa shilingi 350 hivi kwa uniti, ndoo ya lita 20 imegharimu shilingi 4 kuitoa ardhini. Ukiiuza 50, unaweza kudhani umegundua dhahabu.

Zilizobaki 46 huliwa na vitu ambavyo haviko kwenye ukurasa wa pampu. Mota inayoungua kwa umeme unaopanda na kushuka. Kisima kinachoingiza mchanga kwa sababu mchimbaji aliweka changarawe isiyolingana na matundu ya kesingi, lile bomba linaloshikilia kuta za kisima. Na mita zinazolala.

Hili la mita linafaa kusemwa kwa urefu kidogo, maana hata mamlaka kubwa huumia nalo. Nyumba nyingi za hapa zina simtanki juu ya mnara na boya ndani yake. Tanki likikaribia kujaa, boya huinuka na maji huingia kwa kudondoka. Mita ya kawaida ya nusu inchi haianzi kuzunguka mpaka mtiririko ufike kiwango fulani, na mita iliyochakaa inataka zaidi ya hapo. Kwa hiyo maji yanaingia usiku kucha na mita imetulia. Maji ya mgao nayo yana shida yake kinyume: bomba likiwa tupu linajaa hewa, maji yakirudi hewa ndiyo inayoizungusha mita kwanza, na mteja anabeba bili ya upepo hadi ofisini kulalamika. Yuko sahihi.

Pamoja na hayo yote, upande wa mbele unakopesheka. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Riba ya namna hiyo ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka, na watu walikubali kukopesha kwa sababu waliona maji yanayouzwa, mita zinazosomwa, bili zinazolipwa. Kulikuwa na mlango ambao fedha inaingilia.

Majitaka yanaingiza fedha kwa mlango upi?

## Safari ya lita 7,000

Mtaa mwingi wa Dodoma hauna bomba la majitaka. Una karo, na karo likijaa inapigwa simu, linakuja gari la kunyonya. Hii tayari ni biashara binafsi, imeanza bila semina wala andiko, na inafanya kazi ya umma kila siku.

Tenki la lita 7,000. Chukua mabwawa ya majitaka yako kilomita 15 kutoka kwa mteja. Kwenda na kurudi ni 30, na lori zee lenye mzigo linakula lita ya dizeli kila kilomita tatu. Hizo ni lita 10, ongeza lita 4 za kuzungusha pampu ya kunyonyea. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, safari imekula 42,000. Sasa kuna korongo kilomita 3 kutoka kwa mteja, giza limeingia, hakuna anayeangalia. Safari ile inakula 18,000 na dereva anawahi mteja mwingine.

Tofauti ya 24,000 na saa moja. Ukitaka kujua kwa nini korongo linanuka, ni hiyo.

Na uzito wa kilichomwagwa haufanani na maji ya bomba la majitaka. Majitaka ya kawaida ya mji yana BOD, yaani oksijeni inayohitajika ili vijidudu vimalize kula uchafu huo, ya miligramu mia kadhaa kwa lita. Tope la karo linaweza kuwa na 5,000. Tenki moja basi limebeba kilo 35 za BOD, sawa na uchafu wa siku nzima wa watu 875. Kiwango cha taifa cha majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira ni 30.

Ndiyo maana hata gari likienda kunakostahili, bado kuna tatizo. Mabwawa kama ya Swaswa ni ya aina inayotegemea jua, mwani na muda. Magari kumi kwa siku yakimwaga tope moja kwa moja ni kama kuunganisha watu karibu 9,000 zaidi bila kuongeza bwawa. Tope linatua chini, kina kinapungua, maji yanapita haraka, na yanatoka upande wa pili yakiwa bado ni ya kijani yenye harufu.

## Karo la mita saba

Kuna kosa moja la ujenzi linaloharibu biashara hii tangu msingi.

Watu wanachimba shimo refu, mita sita, saba, bila kulisakafia chini, wakiamini refu ndilo halijai. Gari la kunyonya halivuti kwa nguvu isiyo na mpaka. Linatoa hewa kwenye tenki, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma uchafu kupanda kwenye mpira. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na kikomo cha kinadharia kwa maji safi ni mita 9. Kwa tope zito, mpira mrefu na pampu iliyochoka, ukipata mita 5 shukuru.

Kwa hiyo gari linanyonya maji ya juu. Tope la chini linabaki, mwaka hadi mwaka linakuwa gumu kama udongo wa kufyatulia matofali. Mwenye nyumba analipa, baada ya miezi miwili limejaa tena, anadhani kaibiwa. Na maji yaliyokwisha kupita kwenye kuta yameelekea kwenye kisima cha jirani.

Karo linalohudumika ni fupi. Kina cha maji mita moja na nusu hadi mbili, limesakafiwa na kuplasta lisivuje, vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili ya ujazo, na bomba la T mwanzo na mwisho ili povu lisipite. Kwa watu sita, mita za ujazo 3 zinatosha kwa miaka kama mitatu kabla ya kuita gari. Mfuniko uwe juu ya chumba cha kwanza, unaofunguka. Makaro mengi yamezibwa kwa zege na kuwekwa vigae. Siku ya kunyonya linaanza sururu.

## Lango

Wazo linaloonekana la haki ni hili: mwekezaji ajenge mtambo wa kusafisha tope, aweke lango, kila gari lilipe likiingia. Anayechafua analipa. Nimelitetea wazo hilo kwa muda mrefu.

Halisimami.

Rudi kwenye zile 24,000. Dereva tayari ana sababu ya kumwaga porini. Lango likidai 20,000 nyingine, umemwongezea sababu. Mtambo utakuwa mtupu na korongo limejaa, na mwekezaji atalalamika kwamba soko halipo, wakati soko linapita mbele ya lango lake usiku likiwa limezima taa. Ukaguzi unasaidia kidogo, ila mkaguzi mmoja hawezi kulinda korongo zote za Dodoma.

Fedha lazima ikusanywe kabla gari halijaja, kwa mtu ambaye hawezi kuikwepa kwa kubadili njia. Tuweke mfano wa namba ili lionekane. Mtambo wa safari 10 kwa siku, siku 300, ni safari 3,000 kwa mwaka. Tuseme kuuendesha na kurudisha mtaji ni shilingi milioni 250 kwa mwaka. Ukitoza langoni, kila gari linadaiwa zaidi ya 83,000, na hakuna atakayelipa. Ukigawa kwa wateja 40,000 wa maji, kila bili ya mwezi inaongezeka shilingi 520 hivi. Kisha dereva aingie bure, au apewe kidogo akimwaga kwenye mtambo, kwa kadi inayosoma namba ya gari na mita inayopima ujazo. Sasa ile 24,000 imeanza kupigana upande wetu.

Nyongeza hizo za bili ziingie kwenye mfuko, na mwekezaji naye alipwe na mfuko huo kwa kila kilo ya tope kavu aliyosafisha na kwa majibu ya maabara ya maji yanayotoka. Asilipwe kwa kuwa na jengo.

Shaka yangu kubwa iko hapa, na bado haijatulia. Mama anayenunua maji kwenye kilula, kituo cha maji cha mtaani, Chang'ombe ya hapa Dodoma atalipa tozo hiyo ndani ya ndoo, lakini kichochoro cha kwake gari halipiti, na choo chake ni shimo lenye matambara na chupa ndani. Atakuwa anagharamia karo la mwenye geti. Mfuko huo ukikusanywa bila sehemu yake kutengwa kwa ajili ya vyoo vya namna hiyo, ni dhuluma. Njia zipo: Dar es Salaam vikundi vidogo vimetumia pampu ya mkono inayoitwa Gulper kutoa tope kwenye mashimo ambayo gari haliyafikii, kisha guta la matairi matatu linabeba mapipa. Ni kazi ya jasho, taratibu, na gharama yake kwa lita ni kubwa kuliko ya gari. Iandikwe hivyo kwenye mkataba, isiachwe iwe ya hisani.

## Jua kama mtambo

Upande mmoja Dodoma imependelewa kuliko Dar es Salaam au Bukoba: jua.

Mtambo wa tope hapa hauhitaji mashine za kigeni. Gari linamwaga kwenye chujio la nondo, matambara na plastiki vinabaki hapo. Tope linakwenda kwenye tanki la kutuama, zito linashuka, maji ya juu yanaelekea kwenye mabwawa yake yenyewe. Zito linamwagwa kwenye vitanda vya kukaushia: kokoto kubwa chini, kokoto ndogo, kisha mchanga wa mto uliooshwa, na bomba lenye matundu la kutolea maji. Mwaga kina cha sentimita 20 hadi 30. Kiangazi linapasuka mapande ndani ya wiki mbili tatu.

Ukubwa unapigika. Tope lenye uzito mkavu wa asilimia 2 ni kilo 140 kwa tenki la lita 7,000. Safari 3,000 ni tani 420 kavu kwa mwaka. Kwa jua hili, mita moja ya mraba inaweza kuchukua kilo 200 kwa mwaka, kwa hiyo vitanda vya mita za mraba 2,100. Ongeza theluthi kwa miezi ya mvua, au paa la plastiki angavu juu ya baadhi ya vitanda. Andiko lisilo na Januari ndani yake halijaandikwa Dodoma.

Kinachoua vitanda ni mchanga. Kila anayekwangua tope kavu anaondoka na sentimita moja ya mchanga, na baada ya misimu kadhaa jembe linagonga kokoto. Mchanga wa kurudishia uwe na mstari wake kwenye bajeti ya kila mwaka. Usiwe mchanga wa korongo usiooshwa, maana vumbi lake linaziba, na kitanda kilichoziba kinakuwa bwawa la nzi.

## Nani atanunua

Kwenye maandiko mengi mbolea hulipia mtambo. Hailipii. Mkulima ana mbolea ya ruzuku kwenye mfuko uliofungwa, na samadi ya ng'ombe iko kila kijiji cha Wagogo. Mauzo ya tope kavu ni nyongeza nzuri. Ukiyafanya nguzo, nyumba inaanguka. Tena haliuzwi likitoka kitandani. Mayai ya minyoo huishi miezi mingi. Ama lirundikwe na takataka za sokoni mpaka joto la ndani lipite nyuzi 55 na lipinduliwe mara kadhaa, ama likae kavu zaidi ya mwaka.

Maji yaliyosafishwa ndiyo yanayonipa matumaini zaidi. Wakandarasi wa barabara, kama ile ya mzunguko ya kilomita 112.3, hushindilia tabaka kwa maboza na maboza ya maji, na kiwango cha maji ya kushindilia udongo si kile cha kunywa. Kuna vitalu vya miti. Kuna zabibu, zao letu, linalovumilia kumwagiliwa kwa matone. Lakini mkulima wa zabibu apime chumvi kwanza. Maji yaliyoingia mjini yakiwa na chumvi, yanatoka yakiwa na zaidi, na mzabibu huanza kuonyesha kingo za majani zilizoungua kabla hujajua kosa liko wapi. Mwani nao huziba matundu ya dripu. Chujio la maikroni 130 lioshwe kila siku, si kila wiki.

Mteja wa namna hii akisaini kuchukua mita za ujazo kadhaa kila mwezi, na kulipa hata asipochukua, karatasi hiyo ndiyo benki itaisoma. Ahadi ya mdomo ya wakulima arobaini haisomeki.

## Karatasi zinazotangulia

Kisima kinahitaji kibali cha bodi ya bonde, na mji huu kwa sehemu kubwa uko kwenye bonde la Wami/Ruvu. Hilo linajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ina kibali kingine, cha kutiririsha majitaka. Lile bomba la robo tatu linakihitaji. Peleka maombi yote mawili siku moja. Mtaalamu wa bonde akiona mpango wa mabaki mezani, mazungumzo yanakuwa mengine.

Jambo moja la kodi: maji ya bomba yamesamehewa VAT, ya chupa hayajasamehewa. Msamaha unasikika mtamu, ila anayeuza kilichosamehewa hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye pampu na membreni. Kodi hiyo ni gharama yako. Iweke kwenye mtaji mapema.

Na kwa mtambo wa tope, akaunti ya mfuko isimamiwe na benki, fedha ya tozo iingie humo moja kwa moja na imlipe mwendeshaji kabla haijachanganyika na matumizi mengine ya mamlaka. Mkataba wa 2003 wa kampuni binafsi kuendesha maji ya Dar es Salaam ulivunjwa 2005, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa makusanyo ambayo hayakufanana na yaliyoandikwa. Mkataba wa tope utavunjika haraka zaidi, kwa sababu mtu asipolipa maji unaweza kumkatia. Choo humkatii mtu.

## Shilingi 30

Nimerudi kwenye kibanda, kwenye ule mstari. Bwawa la mita za mraba 1,100, kwa makadirio ya shilingi 15,000 kwa mita likiwa limetandikwa, ni milioni 16.5. Kuchimba na uzio, tuseme milioni 8.5. Jumla milioni 25 bila ardhi. Kwa miaka 10, ni milioni 2.5 kwa mwaka. Kibanda kinauza ndoo 82,500 kwa mwaka.

Ni shilingi 30 kwa ndoo. Dawa ya ukoko ikidondoshwa ipasavyo, mashine ikafika asilimia 75, ni 15 na gharama ya dawa juu yake.

Mstari mpya kwenye andiko unasomeka hivi: "Maji ya mabaki, lita 1,670 kwa siku, bwawa mita za mraba 550 upande wa magharibi chini ya upepo, uzio wa mita moja na nusu, chumvi kukwanguliwa kila Oktoba."

Uzio ni kwa ajili ya mbuzi.